Glasi ya Mwalimu wa Kwaya

“Mutindi, mbona umefunga madirisha?”

Madirisha yalikuwa wazi, yote mawili. Jua la Zombe lilikuwa limeshajaa chumbani mpaka juu ya blanketi, na Nzioka alikuwa amekaa kitandani macho yamemtoka, anapapasa hewani kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Hapo ndipo tulipomwacha, msomaji, na najua wengi wenu mmekesha mkibishana kama mwalimu wa kwaya amepofuka kweli au anajifanya tu ili mkewe asimwulize alikokuwa jana.

Hajifanyi.

Mutindi alipitisha kiganja mbele ya uso wa mumewe. Macho hayakupepesa.

“Baba Mbinya, usinitanie.”

“Naona weupe,” Nzioka akasema. “Weupe mtupu, kama mtu amenifunika na gunia ya unga. Mutindi, nishike.”

Akamshika. Mikono ilikuwa baridi. Pumzi zake zilikwenda mbio kama za mtu aliyepanda mlima, na hata kitandani hakuwa ametoka.

“Ulikunywa nini jana?”

Nzioka akageuzia uso ukutani.

“Nzioka! Ulikunywa nini?”

Tangu wamzae Mbinya hakuwahi kumwita kwa jina lake. Nzioka akaanza kulia bila machozi.

“Kwa Mulei. Nyuma ya stoo. Mimi na Ndululu. Alikuwa na jerikani ya kitu cheupe kama maji, akasema ni spiriti safi, ametoa barabara ya Mombasa, tuonje kabla hajaanza kuuzia watu. Haki ni vikombe vichache tu.”

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, Mulei ndiye tajiri wa soko la Zombe, mwenye stoo kubwa na lori. Ndululu ni fundi wa mawe, rafiki wa Nzioka tangu wakichunga ng'ombe. Na Nzioka mwenyewe ni mtoto wa Mzee Jonah, mzee wa kanisa ambaye nyumbani kwake hata dawa ya kikohozi ilinuswa kwanza ndipo ikamezwa.

Mutindi alitoka mbio bila viatu. Hakufika mbali. Langoni aligongana na Waithera, yule msichana wa Murang'a anayesimamia kituo cha afya, ambaye soko zima humwita daktari. Koti lake jeupe lilikuwa na matapishi kifuani.

“Daktari, nilikuwa nakuja kwako!”

“Mzee wako anaona?”

Mutindi akamkazia macho. Kwani huyu amejuaje?

“Ndululu amekufa sasa hivi,” Waithera alisema akiwa tayari anaingia ndani. “Amekufa mikononi mwangu akilia giza. Bibi yake anasema jana walitembea wawili.”

*

Waithera alimmulika Nzioka machoni kwa tochi, akanusa mdomo wake, akamsikiliza pumzi. Kisha akamvuta Mutindi mpaka jikoni.

“Hiyo si pombe. Ni spiriti ya viwanda, ile ya kuyeyusha rangi. Lazima afike hospitali kubwa ya Kitui leo.”

“Basi twende!”

“Twende na nini? Mto Thua umejaa. Nimetoka kuuliza. Maji yamefunika drifti yote ya kuvukia, hata trekta haiwezi kugusa.”

Mvua ya usiku ilikuwa imeshuka milimani, na mto uliokuwa mchanga mtupu tangu Juni sasa ulikuwa unanguruma hadi sokoni. Mutindi aliusikia kutoka pale jikoni.

“Yatapungua lini?”

“Labda jioni. Na yeye bila dawa hafiki jioni.”

“Basi mpe dawa, daktari!”

Waithera akatazama kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani.

“Dawa ninayoijua ni pombe.”

Mutindi alidhani masikio yake yameharibika kama macho ya mumewe.

“Sikiza, mama. Ile kitu alikunywa, ini ndiyo inaigeuza kuwa sumu. Lakini ini ikipewa pombe safi, inaacha ile mbaya kwanza, inashughulika na hii. Ile mbaya inabaki imekaa tu, na anaikojoa pole pole. Tukimpa kidogo kidogo mpaka mto ushuke, anaweza kufika.”

“Chang'aa?”

“Chang'aa ya kienyeji usilete hapa! Sijui imewekwa nini. Nataka chupa imefungwa na kiwanda. Vodka. Unajua nani ako na vodka?”

Mutindi alijua. Zombe yote ilijua. Na kama kuna nyumba moja duniani ambayo hakuweza kuikanyaga, ilikuwa hiyo.

*

Baa ya Wangui ilikuwa na mlango wa kijani. Mbele ya mlango huo, kabla ya mvua kuanza, Mutindi alisimama na akina mama wa kanisa wakaimba na kumwomba Mungu aufunge, na mwenye nyumba arudishwe kwao Nyeri salama lakini upesi.

Wangui alikuwa anapanguza meza. Akamwona mlangoni, miguu mitupu, leso imeanguka mabegani.

“Leo mmekuja kuimba mapema.”

“Nataka vodka.”

Wangui alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kisha akautazama uso ule na kikakatika.

“Ni nini?”

Mutindi alimweleza kwa maneno machache. Alipofika kwenye jina la Mulei, Wangui alitupa kitambaa.

“Huyo mtu alikuja hapa na jerikani yake nikamfukuza! Nikamwambia siuzi kitu sijui.” Tayari alikuwa amepanda juu ya stuli, anashusha chupa kutoka rafu ya juu. “Chukua. Kimbia.”

Kisha akasita. Kifuniko kilikuwa kimezunguka mkononi mwake. Kilizunguka kirahisi, bila sauti.

“Karanja!” Wangui aliita. “Karanja, toka hapa!”

Karanja, mdogo wake aliyeshika kaunta kila Wangui aliposafiri, alitokea akiwa na sabuni mikononi.

“Nani alifungua hii?”

Karanja alitazama chupa, akatazama chini.

“Mulei alirudi wakati ulikuwa Nairobi. Akasema tujaze ya jerikani tu, hakuna mtu atajua tofauti…”

Mutindi akarudisha mkono kama aliyeungua. Chupa ile ilikuwa imeshafika kwenye vidole vyake. Sumu juu ya sumu. Angeibeba mwenyewe, akaimimina mwenyewe, akamwinulia mumewe kichwa ili aimeze vizuri.

Wangui hakumpiga Karanja. Alitoka nayo nyuma, akaimwaga kwenye majivu, akaivunja. Aliporudi alikuwa amebeba chupa nyingine, imezungushiwa gazeti.

“Hii ilikuwa chini ya kitanda changu. Nilinunua Nairobi mwenyewe, ni ya harusi ya dada yangu. Lakini mimi sasa siamini mtu.” Akamtupia Karanja jicho. “Tutaifungua mbele ya daktari. Kifuniko kikilia, ni nzima. Kisipolia, Mungu wako atusaidie.”

“Unakuja?”

“Wewe umewahi kumpa mtu vodka?”

*

Waithera alishika chupa kwa mikono miwili. Mutindi alifumba macho.

Krak.

Sijui kama kuna wimbo kwaya ya Zombe iliwahi kuimba uliomfurahisha Mutindi kama sauti ile ndogo.

Waithera alimimina kwenye kikombe, akamwinua Nzioka, akamwambia ameze. Nzioka alimeza. Kabla hajalazwa chali, yote yalirudi, juu ya shuka, juu ya mikono ya daktari, na nyongo ya kijani nyuma yake.

Wakajaribu tena. Ikarudi tena. Safari hii na nyuzi za damu.

“Tumbo limechomeka,” Waithera alisema. “Asipoishika tumboni, ni bure. Na chupa ni hii moja.”

Pumzi za Nzioka zilikuwa zimeanza kukatika. Anavuta, anasahau, anavuta tena.

“Asipewe kavu,” Wangui alisema kutoka mlangoni. “Mtu wa tumbo baya mimi namchanganyia na soda ya tangawizi, na ndimu, na baridi. Inashuka na inakaa. Lakini soda imeisha soko yote. Lori ya soda iko ng'ambo ya mto.”

“Tangawizi ninayo, na ndimu,” Mutindi akasema.

Wote wakamgeukia.

Chini ya meza ya jikoni, ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa, kulikuwa na tangawizi aliyoitwanga mwenyewe kwa ajili ya mkutano wa akina mama: tangawizi mbichi, sukari, maji ya uvuguvugu, na hamira kidogo ya kuipa nguvu. Ilikuwa imekaa pembeni mpaka ikaanza kutoa povu na kuwasha pua. Akaichuja kwenye jagi haraka haraka, nusu ikimwagika sakafuni.

“Daktari, friji ya chanjo ina barafu?” Wangui aliuliza.

Waithera alimwita Karanja, aliyekuwa amewafuata mpaka uani. “Kimbia kituoni! Ile trei ya juu. Dawa za watoto usiguse!”

Karanja alikimbia kama mtu anayekimbia dhambi yake. Alirudi na barafu ndani ya kofia.

“Sasa, mama Mbinya, fanya wewe,” Wangui alisema. “Mkono wa bibi yake ataukubali. Barafu kwanza. Haya. Kamua ndimu hapo juu, yote, toa mbegu. Sasa daktari apime vodka. Sasa tangawizi, pole pole, pitisha pembeni ya glasi, usiue povu. Koroga mara moja tu na kijiko. Wacha sasa. Wacha!”

Glasi ilipiga ukungu kwa nje. Ndani vipovu vidogo vilikuwa vinapanda kimoja kimoja, na harufu ya ndimu na tangawizi ikajaa chumba kilichokuwa kinanuka matapishi. Kilikuwa kinywaji kizuri. Hilo ndilo lililomtisha Mutindi zaidi. Kilionekana kizuri, cha sikukuu, na yeye ndiye aliyekitengeneza, katika nyumba hii, na kama Waithera amekosea basi ni yeye amemwua baba wa mtoto wake.

“Baba Mbinya. Fungua mdomo.”

Nzioka alikunywa kidogo. Akangoja. Akakunja uso, na Mutindi akashika beseni.

Hakikurudi.

Akanywa tena, zaidi. Barafu ikagonga meno yake.

“Ni tamu,” akasema kwa sauti ya mtoto.

Mutindi alilia mpaka Waithera akampokonya glasi isije ikamwagika.

*

Dozi ya kwanza kubwa, nyingine ndogo ndogo, asiachwe alale bila kunywa: hayo ndiyo maagizo aliyoyaacha Waithera alipokuja kuitwa. Mwanamke mmoja wa upande wa Kanyangi aliyelala sokoni alikuwa ameletwa kituoni akishikwa mkono, haoni njia. Jerikani ya Mulei ilikuwa imetembea.

Kwa hiyo Mutindi alikuwa peke yake na Wangui, anakamua ndimu, wakati mlango ulipofunguliwa bila hodi.

Mzee Jonah alikuwa na Biblia kwapani. Alimtazama mwanawe kitandani. Alimtazama mwenye baa amekaa kwenye kiti cha mgeni. Kisha akaiona chupa mezani.

“Niliambiwa mwanangu ni mgonjwa,” alisema taratibu. “Sikuambiwa kuna sherehe.”

“Baba, daktari ndiye…”

“Nyamaza.”

Akaichukua chupa kwa shingo na kuelekea mlangoni nayo.

Msomaji wa Ukambani hahitaji kuelezwa. Wa mbali na ajue tu kwamba mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Mutindi tangu aolewe hakuwahi kuinua sauti mbele ya mzee huyu, wala kumpa mkono, wala kukaa kiti alichokikalia. Alikuwa akimpisha njiani kwa kuingia kwenye majani.

Sasa aliruka akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili.

“Baba, hupiti.”

“Unasema nini?”

“Ukimwaga hiyo, unamzika Nzioka kwa mkono wako. Rudisha.”

“Toka hapo, mwanamke!”

Aliinua chupa kuipitisha juu ya bega lake aitupe nje, na Mutindi akamkamata. Alimkamata mkono, ngozi kwa ngozi, akaushikilia kwa nguvu zake zote. Wangui alisimama. Mzee Jonah alitazama vidole vile vilivyomshika kama mtu aliyeumwa na nyoka. Mutindi hakuachia.

“Nau.”

Ilikuwa sauti ya Nzioka, anamwita babake kwa Kikamba.

“Nau, ni kweli. Nilikunywa sumu kwa Mulei. Ndululu amekufa. Mimi sikuoni. Nasikia sauti yako tu, na sikuoni.”

Mkono wa mzee ulilegea. Mutindi aliitoa chupa kwenye vidole vyake kimoja kimoja.

Mzee Jonah akavuta kiti mpaka kando ya kitanda. Biblia ilianguka sakafuni na hakuna aliyeiokota. Kisha akanyoosha mkono.

“Daktari alisema kiasi gani?”

Mutindi alimpa glasi, na mzee wa kanisa akamnywesha mwanawe mwenyewe, akimpangusa kidevu kwa mkono wa shati.

*

Saa zilikwenda. Glasi ikawa inajazwa na kuisha, na Nzioka akawa amelewa, anaimba sauti ya nne ya kwaya bila wenzake na kulia katikati. Lakini pumzi zilikuwa zimerudi kwenye mstari.

“Kile chekundu ni nini?” aliuliza ghafla.

Wangui alikifungua kitambaa chake cha kichwa, chekundu kama damu, akakipeleka kushoto. Macho ya Nzioka yakakifuata. Akakipeleka kulia. Yakakifuata.

“Asante Mungu,” alisema Mzee Jonah, naye Wangui akajibu amina.

Furaha hiyo haikudumu hata dakika. Mutindi aliinua chupa kutengeneza glasi nyingine na kuona kilichobaki ni cha kulowesha midomo tu.

Hapo ndipo waliposikia lori likisimama nje.

Waithera aliingia wa kwanza, hamtazami mtu usoni. “Maji yameshuka. Lori iliyoinuka juu inaweza kuvuka.”

“Lori ya nani?” Mutindi aliuliza.

Jibu lilikuwa limesimama nyuma yake, kofia mkononi. Mulei.

“Poleni sana,” alisema. “Nimesikia jirani ni mgonjwa. Nitampeleka mimi mwenyewe.”

Mzee Jonah aliinuka ngumi zimekunjwa. Waithera akamzuia kwa kifua, akamnong'oneza Mutindi sikioni: “Hakuna lori ingine upande huu. Vodka imeisha. Ukikataa, jua likizama atakuwa amerudi pale pale. Na mimi siwezi kuwaacha wale wengine, sasa ni watatu.”

Mutindi alimtazama Mulei. Mulei akatabasamu kwa upole, kama mtu wa matanga.

Alikubali. Angefanya nini?

Nzioka aliwekwa katikati, kwenye kiti cha mbele. Mutindi alikaa mlangoni na kichupa cha mabaki ya vodka kwenye mapaja. Mzee Jonah alipanda nyuma, juu ya magunia, akashika vyuma. Wakashuka mpaka mtoni.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamefika kwenye vikanyagio. Lori liliingia likiyumba. Lilifika katikati, pale mkondo unapovuta kwa nguvu zaidi.

Mulei akazima injini.

Ikabaki ngurumo ya mto tu. Gari zima lilisogea kidogo upande wa chini, kama mtu anayejigeuza usingizini. Nyuma, Mzee Jonah alikuwa anagonga chuma na kuita, na sauti yake ilimezwa na maji.

Mulei alichomoa ufunguo, akautoa mkono nje ya dirisha nao, akauning'iniza juu ya maji kwa vidole viwili.

“Nzioka,” akasema taratibu. “Wakikuuliza huko hospitali ulikunywa kwa nani, utawaambia nini?”

Nzioka, mlevi, asiyejua aliko, akafungua mdomo. Mutindi akamziba kwa kiganja.

“Kwangu,” alisema. “Alikunywa kwangu. Ni mimi nilitengeneza.”

Mulei alimtazama, na tabasamu likarudi.

“Umesikia hayo maneno yako vizuri? Hutayasahau?”

“Sitasahau. Tuvushe.”

Ufunguo ukarudi mahali pake. Injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Lori likaanza kupanda kutoka majini, na Mutindi akamwachia mumewe mdomo, akajiambia moyoni kwamba maneno ya kumdanganya mwizi si kitu, atayakana yote wakifika nchi kavu.

Kisha akatazama mbele.

Ukingoni, kando ya barabara ya Kitui, walikuwa wamesimama askari wawili, bunduki mabegani, wanalingoja lori. Mmoja wao akainua mkono.

“Mulei!” aliita kwa furaha. “Ndiye huyo mama wa pombe uliyetuambia kwa simu?”